Mashine ya Kutibu Uvimbe Bila Kisu



Katika kutembelea kaya wiki hizi nimeulizwa swali moja mara nyingi: ni kweli Nairobi kuna roboti inayotibu uvimbe bila kumpasua mtu? Mama mmoja wa bloku yetu ana uvimbe kwenye titi. Alipewa barua ya rufaa kwenda Lilongwe akatolewe kipande kidogo cha kupimwa, hakwenda. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nangojea ile mashine." Ndiyo sababu naandika.

Mashine hiyo ipo, inaitwa CyberKnife. Jina lina neno kisu, lakini kisu hakipo. Aliyeibuni ni John Adler, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa nayo mwaka 1994, mwaka uleule kambi yetu ya Dzaleka ilipofunguliwa. Kwa Afrika Mashariki, Hospitali ya Kufundishia, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Nairobi, iliipata mwaka 2023.

Inafanyaje kazi?

Ni mkono mkubwa wa chuma, kama ile inayounganisha magari viwandani. Kwenye ncha yake kuna mtambo wa kutoa mionzi, jamaa ya ile ya eksirei lakini yenye nguvu zaidi. Mgonjwa analala kitandani akiwa macho. Mkono unamzunguka na kupiga mionzi myembamba kutoka pande nyingi, hata zaidi ya mia moja. Fikiria watu mia usiku, kila mmoja na tochi yake, wote wanamulika jiwe moja. Njiani kila mwanga ni hafifu, lakini pale kwenye jiwe ni mkali. Hivyo uvimbe unapata dozi kubwa, na nyama nzima inayouzunguka inapata kidogo. Kamera za eksirei zinaangalia uvimbe uko wapi, na ukiwa kwenye pafu, mkono unafuata jinsi mtu anavyopumua.

Mionzi hiyo haiumi wakati wa kupigwa. Inaharibu chembe za uvimbe zisiweze kuzaana tena, na uvimbe unanywea polepole kwa wiki au miezi. Usitegemee kuamka kesho yake haupo. Kwa kawaida mgonjwa anatibiwa mara 1 hadi 5 tu, wakati mionzi ya kawaida huchukua wiki kadhaa. Anaweza kuchoka au kusikia kichefuchefu. Akirudi nyumbani anaweza kumbeba mtoto wake, maana mionzi haibaki mwilini.

Je, inafaa kila uvimbe?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapopotea. Inafaa zaidi uvimbe mdogo wenye mipaka inayoonekana: kwenye ubongo, uti wa mgongo, pafu, ini, au tezi dume. Kansa iliyokwisha kuenea mwili mzima hutibiwa hasa kwa dawa. Kansa ya titi kwa kawaida huhitaji upasuaji na dawa, na mara nyingine mionzi ya kawaida. Mtoto anayevimba taya kwa ugonjwa wa Burkitt, ambao tunauona sana Malawi, anatibiwa kwa dawa za mshipa, wala haguswi na roboti. Tena uvimbe mwingine si kansa kabisa.

Utajuaje basi ni upi? Kwa kile kipande kidogo. Hata Nairobi watakuuliza majibu yake kabla ya kukulaza kwenye mashine. Wengine wanaogopa kwamba ukichokoza uvimbe kwa sindano, kansa itasambaa. Kwa titi hofu hiyo haina msingi. Kinachosambaza kansa ni kuiacha.

Na mionzi hapa Malawi?

Kwa miaka mingi nchi hii haikuwa na mashine hata moja ya mionzi ya kansa, na wagonjwa walipelekwa nje. Mwaka 2024 kituo binafsi, International Blantyre Cancer Centre, kilianza kutoa tiba hiyo. Lilongwe, Kituo cha Taifa cha Kansa kiko kwenye Hospitali Kuu ya Kamuzu. Safari ya Nairobi ni gharama, na kwa sisi wakimbizi kuna pia kibali cha kutoka kambini na hati ya kusafiria. Uvimbe hausubiri karatasi hizo.

Kwa hiyo anza karibu. Ukiona uvimbe usiopungua, kidonda kisichopona, titi linalotoa damu, au damu ukeni baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, njoo Kituo cha Afya Dzaleka. Kutoka hapo rufaa inakwenda Dowa au Kamuzu. Wenzetu mlioko Mitundu, nendeni hospitali ya jamii ya palepale. Akina mama, ulizeni pia kipimo cha mlango wa kizazi kwa siki: ni cha dakika chache, na hiyo ndiyo kansa inayowapata wanawake wengi zaidi Malawi. Mabinti nao wana chanjo yake, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019 kwa wenye miaka 9.

Yule mama tumeongea tena, na mumewe alikuwepo. Jumatatu nitamsindikiza kituoni kuomba barua nyingine. Anayetaka tufuatane naye aje na pasipoti yake ya hospitali.