Msafiri wa Peke Yake Katika Miji na Pwani za Italia

Tumeletewa suali na baba mmoja wa hapa Ngokolo ambaye mwanawe anasoma katika nchi ya Ujerumani. Kijana ameleta habari kwamba chuo kitafungwa mwezi wa Julai, naye ataka kutumia majuma matatu kuzunguka miji ya Italia na pwani zake, peke yake, na mfuko mmoja mgongoni. Baba hakuuliza habari za nauli. Aliuliza kama yampasa kutoa radhi au kukataza. Na mama wa kijana, kwa kauli tuliyoletewa, alikuwa na neno moja tu: akiugua huko, nani atamwona?

Twaona suali hili si la nyumba moja. Vijana wetu wengi siku hizi hupata masomo ng'ambo, na wakiwa huko huona wenzao wakibeba mifuko na kushika njia wakati wa joto, wakilala mji huu leo na mji ule kesho. Basi tumekusanya habari kwa waliokwenda na katika vitabu, ili wazazi wajibu kwa elimu.

Kwanza tuseme jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wazee wenzetu. Kijana wa hapa akiondoka kwenda Geita kutafuta dhahabu kwa wachimbaji wadogo, hupanda basi alfajiri na mfuko wake, hulala kwa watu asiowajua, na hushuka katika shimo ambalo hakuna aliyelipima. Hatujapata hata siku moja kuulizwa kama baba ampe radhi au asimpe. Lakini likitajwa jina la Roma nyumba nzima hutetemeka! Yafaa tupime hatari yenyewe, tusipime umbali wa jina.

Mababu wa nchi hii, Wasukuma na Wanyamwezi, walibeba mizigo mabegani mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi, walakini walikwenda kwa misafara. Kusafiri peke yake ni jambo jingine, na wala si la leo. Ibn Battuta alitoka Tanja katika Maghrib mwaka 1325, umri wake miaka 21, hana mwenzi wala msafara, na wazazi wake wote wawili wangali hai. Njiani akashikwa na homa kali, hata ikambidi ajifunge kwa kilemba juu ya tandiko la mnyama wake asije akaanguka. Alipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki wageni, kila mmoja akaamkiana na amjuaye, na yeye hakuna aliyemwamkia. Akalia machozi. Haji mmoja akaitambua hali yake, akamwendea, akawa akimzungumza mpaka walipoingia mjini. Basi suali la mama wa Ngokolo lina umri wa miaka 700, na jibu lake lilikuwa mtu mmoja asiyejulikana jina.

Huyo huyo Ibn Battuta mwaka 1331 alifika katika pwani yetu. Mogadishu aliona vijana wakitoka kwa mashua na vyombo vya chakula kuwalaki wafanya biashara wa jahazini, kila kijana akidai mgeni wake. Mombasa alilala usiku mmoja, akaona misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na watu wakiosha miguu mlangoni. Kilwa alimkuta Sultani Hassan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa ukarimu wake. Na karibu na mwaka 1349, alipokuwa akirudi kwao kutoka Tunis, jahazi la Wakatalani lilimfikisha kisiwa cha Sardinia, ambacho leo ni nchi ya Italia. Huko hakupata chakula cha mgeni. Alisikia kwamba watu wa kisiwa wanataka kuwafuatia baharini wawateke, akaweka nadhiri ya kufunga miezi miwili mfululizo Mungu akimwokoa. Mtu yule yule, na bahari mbili: huku alipokelewa, kule alikimbia.

Ama hukumu ya safari ya mtu mmoja, Mtume wetu s.a.w. alionya juu ya kwenda peke yake, hasa usiku, na onyo hilo si la kuchezewa. Lakini wanavyuoni wengi wameeleza kwamba sababu yake ni hatari na upweke wa njia za jangwani, ambako mtu akifa hapana wa kumzika wala wa kupeleka habari kwao. Njia ikiwa ya amani na imejaa watu, lawama hupungua. Hayo ni kwa mwana wa kiume. Kwa binti wengi wameshikilia sharti la maharimu, na anayetaka kauli ya wengine na amwendee mwanachuoni wake uso kwa uso, asitosheke na gazeti.

Basi tuingie katika Italia yenyewe. Mwanafunzi mwenye kibali cha kukaa Ujerumani aweza kuingia huko bila ya visa nyingine, kwa kuwa nchi hizo zimo katika mapatano ya Schengen, muradi asipitishe siku 90 katika kila siku 180. Anayetoka hapa lazima aombe visa, naye hutakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Bima hiyo ndiyo sehemu ya jibu la mama. Kijana achukue pasi yake popote aendapo, kwa maana nyumba za wageni zinalazimishwa kuandika habari za kila anayelala na kuzipeleka kwa polisi. Tena, tusifichane, kijana mweusi huenda akasimamishwa na kuulizwa karatasi pale ambapo mwenzake mweupe atapita. Atoe karatasi kwa upole, aendelee na njia yake.

Gari la moshi ndiyo njia bora. Yako magari ya kasi baina ya Milan, Bologna, Florence, Roma na Naples, ambayo nauli yake hupanda kila siku inavyokaribia. Na yako ya mikoa, ya polepole, ambayo nauli yake haibadiliki. Mwenye mfuko mwepesi na fedha kidogo apande haya ya pili. Tiketi ya karatasi ya gari la mkoa lazima igongwe muhuri katika mashine ya kituoni kabla ya kupanda. Asiyefanya hivyo hutozwa faini ingawa amelipa, na udhuru wa ugeni hausikilizwi. Migomo ya wafanyakazi ni mingi, lakini hutangazwa mapema, na siku za kazi magari kadhaa hulazimishwa kwenda baina ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na tena saa kama hizo jioni. Wezi wa mifukoni wamejaa katika kituo cha Termini cha Roma na ndani ya mabasi ya watalii. Pasi na fedha zikae kifuani.

Malazi ya vijana huitwa *ostello*, na humo vitanda huwekwa sita au nane chumba kimoja. Hapa pana jambo: vyumba vingi ni vya mchanganyiko wa wanaume na wanawake, na asiyeuliza hupewa hicho. Aombe cha wanaume peke yao tangu anapoandikisha.

Sala huwataabisha wengi kuliko yote. Sisi wa Shinyanga tumezoea jua linalochomoza na kuzama karibu na saa ile ile mwaka mzima. Roma mwishoni mwa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na mbili kwa zaidi ya dakika ishirini, na huzama karibu saa tatu kasorobo ya usiku. Isha huingia baada ya saa nne, na Alfajiri imekwisha karibia. Anayelala saa tatu kwa mazoea ya nyumbani atapitwa na Magharibi mwanzoni mwake, na Isha ataiota. Lakini msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na huu ndio wakati wake. Kibla nacho hubadilika: hapa twaelekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki, kule huelekea kusini-mashariki. Roma uko msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1995, uliochorwa na Paolo Portoghesi, nguzo zake zimetawanyika juu kama matawi ya mitende. Katika miji mingine Waislamu husali zaidi katika kumbi na maghala ya kukodi, bila ya mnara wala alama, na kuzipata yataka kuuliza kwa wauza duka wa Kibangali na Kimoroko. Twadhani kuuliza huko kuna faida kuliko ramani ya simu, maana anayeuliza msikiti Ijumaa hupata na chakula cha mchana.

Chakula chataka macho. Neno la nguruwe ni *maiale*, na la mafuta yake ni *strutto*, ambayo hutiwa hata katika baadhi ya mikate, hasa ile myembamba ya Romagna iitwayo *piadina*. Tambi za *carbonara* na *amatriciana* zina shavu la nguruwe, na wali wa *risotto* hupikwa mara nyingi kwa mvinyo. Lakini iko piza ya *marinara*, nayo ni nyanya, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni tu, na ni rahisi kuliko zote. Pwani kuna samaki. Maji hayanunuliwi: Roma ina mabomba ya chuma mabarabarani yanayotoa maji baridi usiku na mchana, bure.

Joto lisidharauliwe na mtu kwa kuwa ametoka Afrika. Julai na Agosti Roma na Florence hupita nyuzi 35, na mwezi wa Agosti 2021 kituo kimoja karibu na Siracusa kilipima nyuzi 48.8, ambazo hazijapata kupimwa katika bara la Ulaya. Hapa kwetu hatuna joto hilo. Kijana atembee asubuhi, apumzike adhuhuri.

Pwani nzuri za kwenda kwa miguu ni zile za vijiji vitano vya Cinque Terre, vilivyobandikwa katika majabali, na gari la moshi hupita chini yao kwa mashimo kutoka La Spezia mpaka Levanto. Katika fukwe nyingi watu hulipia kiti na mwavuli. Sehemu ya bure huitwa *spiaggia libera*. Uchi wa huko unajulikana, nasi hatuna haja ya kuueleza. Anayetaka bahari na aende baada ya Alfajiri, ataikuta tupu. Jambo moja lilituchekesha: katika kanisa kuu la Mtakatifu Petro walinzi huwarudisha mlangoni watalii wenye mabega na magoti wazi, wal-hali dada mwenye buibui hupita bila ya neno.

Sasa tuna neno zito. Kusini ya Sicily kipo kisiwa kidogo, Lampedusa, ambako wenye nafasi huenda kuogelea. Tarehe 3 Oktoba 2013 chombo kilichotoka Libya kiliungua na kupinduka karibu na kisiwa hicho, wakafa zaidi ya watu 360, wengi wao vijana wa Eritrea. Nao walibeba mfuko mmoja mmoja. Mzazi aliyetuuliza ana kijana mwenye karatasi. Lakini wako wengine, katika machimbo na katika vijiwe vya miji yetu, wanaoambiwa na dalali kwamba Italia huendwa kwa njia hiyo, na kwamba fedha kwanza na maelezo baadaye. Huyo ndiye wa kukatazwa, na akatazwe mbele ya watu.

Mwenye karatasi na asiishie Naples kama wengi wafanyavyo. Avuke mlango wa Messina, ambako mabehewa ya abiria hupakiwa ndani ya meli, mtu akiwa amekaa kitini mwake. Jambo hilo halitawashangaza watu wa Mwanza, ambao wanaijua meli ya Umoja iliyojengwa kubeba mabehewa ya mizigo ziwani. Sicily ilitawaliwa na Waislamu tangu karne ya tisa mpaka Wanormani walipoiteka Palermo mwaka 1072 na kisiwa chote kufikia 1091. Katika mlango wa kusini wa kanisa kuu la Palermo ingali nguzo iliyochongwa aya ya Kurani. Kinywani mwa watu wa huko zimo *zucchero*, *zafferano* na *caffè*, nazo ni sukari, zafarani na kahawa zetu. Na katika mji huo huo, mwaka 1154, Sharif al-Idrisi alimalizia mfalme Roger kitabu chake cha nchi za dunia, na ndani yake akaandika habari za Malindi na Mombasa, na chuma cha pwani yetu kilichopelekwa Hindi.

Waislamu wa huko hawakudumu. Mfalme Frederick wa Pili aliwahamishia Lucera, barani, na mwaka 1300 mji wao ulivunjwa wakauzwa. Ibn Jubayr, haji wa Andalusia, aliuona mwanzo wa jambo hilo. Jahazi lake lilivunjika mbele ya Messina Desemba 1184, na mfalme William mwenyewe akaamuru maskini wa Kiislamu walipiwe nauli ya mashua ya kuwafikisha pwani. Palermo aliwaona wanawake wa Kikristo wakienda kanisani wamejitanda kama wake wa Kiislamu. Akafika Trapani kungoja jahazi la kwao. Hapo mtu mmoja mkubwa wa mji alimtuma mwanawe kwa mmoja wa mahaji, akamwomba amchukue binti yake, amwoe mwenyewe au amwoze kwa mtu wa kwao, ili mtoto apate kuishi katika nchi ambayo dini yake haiko hatarini. Binti alikubali kuachana na baba na ndugu zake, na mahaji wakamshauri mwenzao asikatae. Mwezi wa Machi 1185 Ibn Jubayr akaondoka Trapani kwa bahari kurejea kwao.