Kioo cha pikipiki si kioo

Wapo wanaoamini kwamba mwalimu wa isimu hana analoweza kusema kuhusu vipuri vya pikipiki. Nami niliamini hivyo hadi siku niliponunua kipuri kibaya kwa sababu ya neno.

Pikipiki yangu ni ya masafa marefu, ya aina iliyoundwa ili mtu aweze kuiendesha kutwa nzima bila kuumia mgongo, na mara kadhaa kwa mwaka huniteremsha kutoka Nairobi hadi Mombasa, mwendo wa kilomita zipatazo 480. Mbele ya usukani wake limesimama bamba angavu ambalo kazi yake ni kuugawa upepo kabla haujamfikia dereva kifuani. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kuwa ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Anayetoka kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hadi 110 hudhani ameongezewa upepo kidogo tu, kumbe umekaribia kuwa maradufu. Ukisafiri saa sita hivi, shingo na mabega yatakufundisha hesabu hiyo vizuri kuliko mwalimu yeyote.

Bamba langu la awali lilipopasuka, niliingia karakana moja jijini nikamwambia fundi, "Nataka kioo cha mbele." Fundi akanifanyia nilivyotaka. Alinitengenezea kitu kilichofanana na kioo kwa kila hali: kigumu, cheupe, kisicho na doa. Alikikata kutoka kwenye kipande cha akriliki, ile ile ambayo waandika mabango huiita Perspex, akakipasha moto na kukipinda. Nililipa na kushukuru. Miezi michache baadaye, kabla sijafika Mtito Andei, lori lililokuwa mbele yangu lilirusha jiwe. Bamba lilivunjika vipande vyenye ncha, na kimoja kikapita chini ya helmeti na kunikata shingoni. Daktari aliyenishona alinionyesha kwa kidole umbali uliobaki hadi kwenye mshipa mkubwa. Haukuzidi upana wa kidole chenyewe.

Simlaumu fundi. Mimi ndiye niliyesema "kioo", na katika lugha yetu neno hilo limebebeshwa mzigo mkubwa: kioo cha kujitazamia, kioo cha dirisha, kioo cha saa, kioo cha gari. Msikilizaji huchukua sifa moja inayoviunganisha vyote, yaani weupe unaopitisha au kurudisha mwanga, na kuziacha nyingine. Sifa niliyoihitaji mimi, ya kutovunjika, haimo ndani ya neno.

Bamba la pikipiki halitengenezwi kwa kioo hata kidogo. Aghalabu huwa ni mojawapo ya plastiki mbili. Ya kwanza ni hiyo akriliki, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1930 na ikatumika kufunika vyumba vya marubani wa ndege za kivita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ni angavu sana, haikwaruziki upesi, na bei yake ni nafuu. Ila ikipigwa kwa nguvu huvunjika. Ya pili ni polikaboneti, iliyogunduliwa mwaka wa 1953 na wanakemia wawili waliokuwa mbali mbali, Hermann Schnell wa Ujerumani na Daniel Fox wa Marekani, kila mmoja bila habari za mwenzake. Hii hujipinda badala ya kuvunjika. Ndiyo inayotengenezewa ngao angavu za askari wa kutuliza ghasia, na nadhani wapo wasomaji wangu wa vyuo vikuu ambao wamewahi kuziona kwa karibu kuliko walivyopenda. Udhaifu wake ni ulaini wa uso: hukwaruzika kwa urahisi, na kwa hiyo yafaa kununua iliyopakwa utando mgumu wa kuilinda. Kwa anayesafiri nyuma ya malori, sioni kwamba kuna mjadala. Mkwaruzo huudhi, kipande chenye ncha huua.

Nilipokwenda kutafuta la pili katika maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga, mzee mwenye duka aliniuliza swali ambalo bado nalitafakari. "Mwalimu," alisema, "unataka cha kutazama ndani yake au cha kutazama juu yake?" Nilidhani ananitania. Kioo si cha kutazamia? Lakini mzee alikuwa amelielewa jambo kunishinda. Kioo cha gari kina mikono ya kufuta mvua. Bamba la pikipiki halina. Usiku wa mvua, matone yakiwa yametapakaa juu yake, taa za gari linalokuja hupasuka kuwa nyota mia, na kila mkwaruzo huwa mstari wa mwanga. Wakati wa magharibi kule Tsavo, wadudu hulipaka rangi kwa dakika chache. Dereva aliyefungiwa nyuma ya bamba refu hana pa kuchungulia.

Basi, kipimo ni hiki. Keti juu ya pikipiki kama unavyoketi safarini, umevaa koti na helmeti yako, tandiko limebonyea kwa uzito wako. Ukingo wa juu wa bamba ufike usawa wa pua, ili macho yaone barabara sentimita chache juu yake, na upepo uliorushwa na ukingo huo upite juu ya helmeti. Mwombe mwenzako ashikilie kipande cha kadibodi mbele yako, mkate na kupunguza hadi mpate urefu huo, kisha nenda dukani na kadibodi yako. Kimo cha rafiki yako hakikuhusu.

Wengi hudhani kwamba kadiri bamba linavyokuwa refu ndivyo utulivu unavyozidi. La hasha. Nyuma ya bamba kubwa hewa hupungua msongo, upepo wa pembeni ukaingia kwa fujo kulijaza pengo hilo, na kichwa kikatikiswa kama kibuyu. Ndiyo sababu baadhi ya mabamba huachiwa upenyo chini, hewa ipite na kusawazisha hali. Ukitaka kujua chanzo cha kelele unayoisikia, nyoosha magoti kidogo katika barabara iliyonyooka isiyo na magari. Kichwa kikitulia kinapoingia kwenye upepo safi, ukingo wa bamba ndio mkosaji, na pengine fupi zaidi litakufaa. Jihadhari pia na bamba pana lililofungwa kwenye usukani wenyewe: lori likikupita, upepo wake husukuma bamba, na bamba husukuma usukani.

Rangi nyeusi waachieni vijana wasiosafiri usiku. Skrubu zifungwe na washa za mpira, bila kukazwa kupita kiasi, maana nyufa nyingi huanzia kwenye matundu.

Nilinunua polikaboneti, fupi kuliko la kwanza, kwa bei iliyonifanya nikae kimya nyumbani kwa siku mbili. Safari ya kwanza nilisimama Voi kutia mafuta. Kijana wa kituo, kwa ukarimu wake, alichovya kitambaa kwenye petroli na kunijia mbio anisafishie wadudu. Nilimzuia mkono. Petroli huila plastiki hii, hali kadhalika dawa za kusafishia madirisha zenye amonia. Hufaa kitambaa laini kilicholowa maji, kiachwe juu ya wadudu dakika chache hadi walainike.

"Lakini mzee, si ni kioo tu?" akaniuliza.

Nikamwambia si kioo.

"Basi chaitwaje?"

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na pale kituoni sikuwa na neno la kumpa. Nilimwomba maji.