Ngome Kando ya Mto

Katika sebule nyingi za Mbeya na Iringa utakuta ukutani kalenda ambayo mwaka wake umekwisha lakini haijashushwa kwa sababu ya picha yake: ngome kuukuu ya Ulaya kando ya maji, ukungu wa asubuhi, pengine na ng'ombe wawili wanakunywa. Hatuijui ni ya wapi, lakini tunaipenda. Kwa nini?

Sehemu ya jibu ni rangi yenyewe. Rangi ya maji ni nyepesi. Mchoraji huizimua na kuacha weupe wa karatasi uonekane chini yake, hata mwanga ukawa kama unatoka ndani ya picha. Ukuta uliobomoka hulainika, kivuli chake huangukia mtoni, na jicho hupumzika.

Fundi mkubwa wa kazi hii alikuwa Mwingereza Turner. Mwaka 1797 alifika Norham, ngome iliyo juu ya Mto Tweed, mpakani na Scotland. Mwaka uliofuata picha yake ya rangi ya maji ikaonyeshwa London, na alipokaribia miaka 70 alikuwa bado anaichora ngome ile ile. Jua linachomoza, mto umetulia. Ukiitazama huwezi kujua kwamba mwaka 1513 Mfalme James wa Nne wa Scotland aliipiga Norham kwa mizinga mpaka ikasalimu amri. Turner alifika miaka 284 baadaye, wafiwa wote wakiwa wamekwisha kufa.

Sasa tuje nyumbani. Jina la Iringa linatokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, makao ya Mtwa Mkwawa. Tarehe 30 Oktoba 1894 majeshi ya Gavana von Schele yaliiteka na kuibomoa. Mkwawa aliendelea kupigana hadi Julai 1898, akajiua asikamatwe. Fuvu lake, lililorudishwa mwaka 1954, limo katika makumbusho ya hapo hapo Kalenga.

Mto upo, ukungu upo, na ngome iliyobomolewa ina historia kuliko nyingi za kwenye kalenda. Picha hiyo ningeinunua hata kwa mkopo. Lakini Kalenga haijafikia umri wa Norham. Wapo watu wanaotaja kwa majina mababu zao waliokuwa ndani ya ukuta ule. Kijana wa Iringa mwenye brashi na achore mto na ukungu kama anavyoviona, ila pale ukuta ulipobomolewa asipafunike kwa maua.