Jinsi zabibu za Koshu zinavyotoa mvinyo bora Japani

KWA miaka mingi, wakulima wa jimbo la Yamanashi, magharibi mwa jiji la Tokyo, Japani, walikuza zabibu za Koshu hasa kwa ajili ya kuliwa. Zile zilizokosa sura ya kuvutia wanunuzi ndizo zilizopelekewa watengenezaji mvinyo. Haikuwa ajabu basi kwamba mvinyo wake ulikuwa hafifu na ukalazimika kutiwa sukari.

Koshu imekuzwa Japani kwa karne nyingi. Uchunguzi wa chembe za urithi umebainisha kwamba sehemu kubwa ya nasaba yake inatokana na jamii ya mizabibu ya Ulaya, iliyochanganyika na mizabibu-mwitu ya Asia Mashariki. Ganda lake lina rangi ya waridi iliyofifia, lakini maji yake hutoa mvinyo mweupe.

Ganda hilo ni nene, nalo ndilo ngao yake. Majira ya joto ya Japani huandamana na mvua na unyevu unaoozesha matunda. Ndiposa wakulima hutandaza matawi juu ya nyaya zilizoinuliwa kupita kimo cha mtu, hewa ipite chini yake. Aidha, baadhi yao huvisha vishada kofia za karatasi ili kuvikinga na mvua.

Hata hivyo, mzabibu ulioachwa utambae hivyo huzaa vishada vingi mno, na utamu wake ukapungua. Kampuni ya Grace Wine ilijaribu njia tofauti katika eneo la Akeno: mizabibu ikapandwa kwenye matuta, matawi yakaelekezwa juu kwa safu, na mavuno yakapunguzwa. Matunda yakawa machache na madogo, lakini matamu zaidi.

Mwaka wa 2010, Koshu iliorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Mvinyo. Mwaka wa 2014, mvinyo wa Akeno wa mavuno ya 2013 ulitunukiwa dhahabu katika mashindano ya Decanter, Uingereza.

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema kina gharama. Mkulima anayelipwa kwa kilo hupata hasara akipunguza vishada. Mbinu hii humfaa tu iwapo mnunuzi atakubali kulipia ubora, wala si uzani pekee.