Neno "Nguvu" katika Uchaguzi wa Mashine ya Kuchomelea

Katika maandishi ya ufundi hapana neno litumikalo kwa wepesi kama neno nguvu. Husemwa kwamba gari lina nguvu, dawa ina nguvu, saruji ina nguvu, na umeme wa leo hauna nguvu. Katika mazungumzo hapana ubaya, kwani msemaji na msikilizaji huelewana kwa kuvitazama vitu vyenyewe. Lakini neno hilo liingiapo katika hati ya ununuzi, katika kitabu cha mafunzo au katika tafsiri ya maelezo ya mashine, laweza kumtia mtu hasarani. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza kwa mfano mmoja tu, nao ni wa mtu mwenye mashine ndogo ya kuchomelea nyumbani kwake, anayetaka kununua nyingine "yenye nguvu zaidi". Mfano huo tumeuweka katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera.

Kazi ya chuma si ngeni katika pande hizo. Karibu na Bukoba yamefukuliwa mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa karibu miaka 2,000, na Warongo wa nchi ya Uzinza walisifika kwa ufundi huo kabla ya chuma cha madukani kuenea. Kiswahili nacho kina maneno yake ya zamani katika fani hii: mhunzi, kufua, mivukuto, mavi ya chuma. Hivyo mfasiri haanzi na mikono mitupu. Kilichobadilika ni chanzo cha moto. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilipata umeme wa jenereta za dizeli, mbali na gridi ya Taifa. Siku hizi njia za umeme za kilovolti 220 zimefika Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Na katika maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, umejengwa mtambo wa megawati 80 ambao umeme wake hugawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Umeme ukishafika nyumbani, mwenye nyumba hutaka kujitengenezea mlango, dirisha, kitanda au mkokoteni wake mwenyewe.

Yafaa kwanza tutenganishe vitenzi viwili. Kulehemu ni kuunganisha vipande vya madini kwa madini ya tatu yaliyo laini zaidi, ambayo huyeyuka peke yake huku vipande vyenyewe vikibaki vigumu. Kuchomelea ni kuviyeyusha vipande vyenyewe mahali vinapokutana, vikapoa vikiwa kitu kimoja. Maneno haya hutumiwa ovyo, moja badala ya jingine, lakini mwalimu wa ufundi hapaswi kuyachanganya, kwa sababu kazi ni mbili na uimara wa viungo vyake haulingani.

Mashine za kuchomelea kwa umeme zitumikazo nyumbani ni za aina mbili hasa. Moja hutumia kijiti kilichopakwa dawa, ambacho fundi hukibadilisha kila kinapokwisha. Ya pili hutumia waya mwembamba unaotolewa na mashine yenyewe mfululizo, huku gesi ikilifunika chuma kilichoyeyuka lisifikiwe na hewa. Hii ya pili ndiyo iitwayo MIG, njia iliyobuniwa Marekani mwaka 1948. Herufi hizo tatu zinasimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya madini na gesi ajizi, yaani gesi isiyoungana na kitu, kama vile agoni. Lakini tangu miaka ya 1950 mafundi hutumia pia kaboni dioksaidi, ambayo si ajizi hata kidogo katika joto kali namna ile. Jina MIG, basi, si sahihi kila mara hata katika lugha lilikotoka. Kwa hiyo twapendekeza mashine ya waya kwa aina hii na mashine ya kijiti kwa ile nyingine. Majina haya humwonyesha msomaji kile atakachokiona kwa macho yake, wala hayamdai Kiingereza.

Sasa turejee kwenye nguvu. Mtu asemapo kwamba mashine ya waya ina nguvu, huenda anakusudia moja ya mambo manne.

La kwanza ni mkondo, upimwao kwa ampea. Mkondo ndio uyeyushao chuma. Kwa makadirio ya mafundi, kila milimita moja ya unene wa chuma huhitaji ampea 40 hivi. Bomba la mraba lenye unene wa milimita 1.5 litatosheka kwa ampea 60, na bamba la milimita 3 kwa ampea 120. Ukizidisha, chuma hutoboka. Katika mashine ya waya mkondo huongezwa kwa kuongeza kasi ya waya.

La pili ni volteji, ipimwayo kwa volti. Hapa maandishi mengi hupotosha, kwani mashine ina volteji mbili: ile iingiayo kutoka ukutani, ambayo nchini mwetu ni volti 230 kwa umeme wa njia moja, na ile itokayo kwenye ncha ya waya, ambayo ni ndogo sana. Kwa kipimo cha kawaida cha mashine ya waya, mkondo wa ampea 120 huenda na volti 20. Anayeandika "mashine ya volti 230" hajasema lolote juu ya uwezo wa mashine hiyo kuchomelea.

La tatu ni nguvu kwa maana yake ya kifizikia, yaani kiasi cha nishati kitumikacho kwa kila sekunde, kipimwacho kwa wati. Hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Mara 20 kwa 120 ni wati 2,400. Tukichukulia kwamba moja ya tano ya umeme uingiao hupotea kama joto ndani ya mashine, tutahitaji wati 3,000 kutoka ukutani. Nazo kwa volti 230 ni ampea 13, kiasi kilekile kinachoruhusiwa na soketi ya nyumbani. Mashine ikitoa ampea 200 kwa volti 24 itahitaji wati 6,000, yaani ampea 26 kutoka ukutani. Soketi ya kawaida haiwezi kuubeba mzigo huo. Utahitajika waya mnene wa peke yake kutoka swichi kuu. Na kwa nyumba iliyo mbali na transfoma mambo huwa magumu zaidi. Volteji ikishuka hadi 190, wati zilezile 3,000 zitadai karibu ampea 16.

La nne ndilo lisilotajwa aghalabu, nalo ni muda ambao mashine yaweza kuchomelea kabla ya kulazimika kupumzika ili ipoe. Hupimwa kwa asilimia ya dakika 10. Asilimia 20 maana yake ni dakika 2 za kazi na 8 za kungoja. Tumepata kuona jambo hili likiitwa "mzunguko wa wajibu", tafsiri ya neno kwa neno ambayo msomaji hawezi kuielewa, kwa kuwa mashine haina wajibu wala hapana kinachozunguka. Twapendekeza uwiano wa kazi, kwa ufupisho wa uwiano wa kazi na pumziko.

Mambo haya manne yakishatenganishwa, swali la mnunuzi wetu hubadilika sura. Tuseme mashine yake ya sasa hutoa ampea 120 kwa uwiano wa kazi wa asilimia 20. Kazi zake ni mageti na madirisha, ambayo hayazidi milimita 3. Mkondo alionao wamtosha. Kinachomkera ni kusimama kila mara mashine ikishika joto. Akiomba "nguvu zaidi", muuzaji atampa mashine ya ampea 250, na huenda umeme wa nyumba yake usiweze kuilisha kwa kiasi hicho. Lakini akisema kwamba ataka uwiano mkubwa zaidi wa kazi kwa ampea 120, itamfaa mashine ya ampea 160 kwa asilimia 60. Kwa kuwa joto la ndani hupungua kwa kadiri ya kipeo cha pili cha mkondo, mashine hiyo ikiteremshwa hadi ampea 120 yaweza kufanya kazi karibu bila kupumzika, na haitadai kutoka ukutani zaidi ya ile ya kwanza. Lakini ikiwa kazi yake ni kutengeneza fremu za matrela kwa chuma cha milimita 6, hapo kweli ahitaji mkondo mkubwa zaidi, na hana budi kuutazama kwanza umeme wake, pengine hata kuomba umeme wa njia tatu.

Taarifa zote hizi huandikwa kwenye kibati kilichobandikwa kwenye mashine, kwa alama za kimataifa. Kwa faida ya wafasiri na walimu twaziorodhesha pamoja na istilahi tunazozipendekeza:

U1 – volteji ingizi, yaani ya ukutani.
I1 – mkondo ingizi, yaani unaovutwa kutoka ukutani.
U2 – volteji ya kuchomelea.
I2 – mkondo wa kuchomelea.
X – uwiano wa kazi, kwa asilimia ya dakika 10, katika joto la hewa la nyuzi 40 za Selsiasi.

Alama zenyewe zisibadilishwe. Herufi I, kwa mfano, haitokani na Kiingereza bali na neno la Kifaransa lililomaanisha ukali wa mkondo, na mataifa yote huitumia. Kinachotakiwa ni jina la Kiswahili la kuisomea darasani. Tarakimu kubwa iliyopakwa rangi ubavuni mwa mashine isitegemewe, kwani huenda ikawa jina la biashara tu.

Kwa ndugu zetu watumishi wa serikali tunalo ombi moja. Afisa anayeagiza mashine kwa ajili ya karakana ya shule asiandike "mashine ya kuchomelea yenye nguvu". Na aandike, kwa mfano: "mashine ya waya, mkondo wa kuchomelea ampea 160 kwa uwiano wa kazi wa asilimia 60, volteji ingizi 230, njia moja." Hapo muuzaji hatakuwa na mwanya wa kuleta kitu kingine, na mkaguzi atakuwa na cha kupimia. Neno nguvu libaki kwa wati peke yake. Kiungo kiliposhikana vema tuseme kina uimara. Na mashine isiyochoka tuseme ina uwiano mkubwa wa kazi. Istilahi hizi hazikusudiwi kuipamba lugha. Zinakusudiwa kumwezesha mwananchi apate kile alichokilipia.