Msonobari na Moto Uliomo Katika Jina Lake

Wajukuu zangu, twendeni Brandenburg, jimbo la Ujerumani linaloizunguka Berlin. Ardhi yake ni ya kichanga, na mti unaotawala misitu yake ni msonobari, wenye shina refu lililonyooka na magome mekundumekundu kuelekea juu. Wajerumani huuita Kiefer. Tamkeni "kiifa".

Jina hilo fupi zamani lilikuwa maneno mawili. Katika Kijerumani cha kale mti wenyewe uliitwa foraha. Neno la pili, kien, ni kuni zilizolowa utomvu. Yakaunganishwa: kienforaha.

Mbona utomvu ukapewa heshima ya kuingia kwenye jina la mti? Kwa sababu ndio uliokuwa taa ya maskini. Mishumaa ya nta ilikuwa ghali, na nyumba nyingi za vijijini hazikuimudu. Basi mkulima alitafuta kisiki, au sehemu ya shina iliyowahi kujeruhiwa, maana msonobari ukipata kidonda hukiziba kwa utomvu, na mbao za hapo hushiba mafuta. Alizikausha mbao hizo, akazipasua vibanzi vyembamba virefu. Usiku ulipoingia, kibanzi kimoja kilibanwa kwenye chuma, kikalazwa mshazari, kikawashwa ncha. Utomvu ulichemka na kutatarika, mwali ukatambaa taratibu. Kikikaribia kuisha, kingine kiwe tayari, la sivyo chumba kizima gizani! Kwa mwanga huo watu walisokota nyuzi na kuchonga vijiko, huku moshi ukiyatia weusi maboriti ya dari. Hata masizi ya kuni hizo yalitafutwa, yakatengenezewa rangi nyeusi na wino wa kuchapia.

Sasa, jina linalotajwa kila siku huliwa na ndimi za watu. Abubakari akiitwa sana huishia kuwa Bakari. Vivyo hivyo kienforaha ikapungua, karne kwa karne, hadi ikabaki Kiefer. Lile foraha nalo halikupotea: kusini mwa Ujerumani na Austria wapo wanaouita mti huohuo Föhre.

Angalieni lakini, Kiefer pia ni taya. Msidhani mti umepewa jina la mdomo. Taya lina asili yake, upande wa maneno ya kutafuna. Wajerumani hutenganisha kwa kineno cha mbele: die Kiefer ni msonobari, der Kiefer ni taya.