Je, wajua picha hupima kina?

Huko Isansa, wilayani Mbozi, ukipalilia kahawa ukagonga jiwe jeusi, zito, lenye vitundu vitundu, usilitupe ukingoni mwa shamba. Huenda ni mavi ya chuma, taka iliyobaki wazee wa Kinyiha walipoyeyusha chuma kwenye matanuri ya udongo, enzi ambazo jembe lilifuliwa hapahapa. Jiwe lenyewe halina bei. Thamani iko mahali lilipolala: kina gani, karibu na nini. Ukishaliokota, habari hiyo imepotea.

Ndiyo maana wanaakiolojia hupiga picha kabla ya kugusa. Tena si moja. Hupiga kadhaa, wakati mwingine mamia, wakizunguka taratibu. Inua kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha lingine. Kidole kinaruka! Kikiwa karibu kinaruka sana, kikiwa mbali kinaruka kidogo. Programu ya kompyuta hupiga hesabu hiyohiyo: hutafuta doa lilelile katika picha nyingi, hupima limehama kiasi gani, kisha hujenga umbo lenye urefu, upana na kina. Hiyo ndiyo fotogrametria.

Mfano ni Laetoli, kaskazini mwa nchi yetu. Nyayo za mababu wa kale wa binadamu zilizogunduliwa huko 1978 zilifukiwa tena ili mvua na mizizi ya miti isizile. Profesa Fidelis Masao na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakapata nyingine, kama mita 150 kutoka hapo, kwenye jivu la volkano la miaka milioni 3.66. Zilipimwa kwa fotogrametria, na matokeo yakatangazwa 2016: mmoja wa wapita njia hao alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165, kuwapita wenzake wote. Hunigusa sana kwamba kisigino kilichozama kwenye jivu bichi siku ile kinaweza kugeuzwa huku na huku kwenye skrini, bila mtu kukikanyaga.

Kwa jiwe la Isansa, kamera ya simu inatosha kuanzia. Weka rula ya mwanafunzi kando yake, ili vipimo viwe halisi. Subiri mawingu yatande, maana vivuli vikali huficha vitundu. Zunguka hatua kwa hatua, kila picha ikirudia sehemu ya iliyotangulia. Kisha liache jiwe palepale, ukampe habari ofisa utamaduni wa wilaya.